Karo nalo lina tarehe yake ya kliniki

Mzazi anapompeleka kituo cha afya mtoto anayeharisha, maswali ya mwanzo anayajua. Ameanza lini? Mara ngapi kwa siku? Ana homa? Anatapika? Akikutana na muuguzi makini ataulizwa na jengine: maji mnayokunywa mnayateka wapi, na choo chenu kikoje? Hapo wazazi wengi hushangaa, na wengine huona haya. Wamekuja kutaka dawa ya tumbo, wanaulizwa habari za choo.

Wiki hii safu hii inalitetea swali la muuguzi huyo. Tunalitetea hasa kwa ajili ya wazazi wa Paje na vijiji jirani vya Kusini Unguja, ambako nyumba za kulala wageni na mikahawa inaongezeka, wapangaji wanaongezeka, na kila paa jipya linachimbiwa shimo jipya la maji machafu. Hoja yetu ni moja. Bomba lililoziba, chemba inayofurika na karo lililojaa si mambo ya fundi peke yake. Ni mambo ya afya ya mtoto, na yanatakiwa yashughulikiwe kwa tarehe, kama tunavyofuata tarehe za chanjo kwenye kadi ya kliniki. Kungoja mpaka karo lifurike ni sawa na kungoja mtoto augue ndipo tutafute chanjo.

Chini ya nyumba zetu kuna nini

Aliyewahi kuchimba msingi Paje anajua. Juu kuna mchanga au udongo kidogo, kisha unakuta mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni mgumu kwa sururu, lakini kwa maji ni kama chujio lenye matundu makubwa. Una nyufa, mashimo na mapango, na maji hupita humo haraka.

Mji Mkongwe una mabomba ya zamani ya chini kwa chini yanayopeleka maji machafu baharini, na hilo lina matatizo yake. Huku shamba hakuna bomba la pamoja. Kila nyumba ina karo lake. Mengi yamejengewa kuta za matofali na hayana sakafu. Maji yanazama, uchafu mzito unabaki. Mwenye nyumba hufurahi akiona karo lake limekaa miaka mingi bila kujaa, na humsifu fundi aliyelichimba.

Lakini tujiulize: maji yale yamekwenda wapi? Hayakupotea. Yameingia kwenye mwamba ule ule unaohifadhi maji ya visima. Maji matamu ya ukanda huu ni ya mvua iliyozama ardhini, nayo yamekaa kama tabaka juu ya maji ya chumvi ya bahari. Tabaka hilo halina ukuta wa kulitenga na karo la jirani. Kanuni inayotajwa sana ni kuacha mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Ni kanuni nzuri, na asiyeifuata anafanya kosa. Hata hivyo kwenye mwamba wenye nyufa hata mita 30 si dhamana, kwa sababu maji yanafuata ufa wala hayapimi kwa futi.

Kilichobaki kinateremka pwani. Huko ndiko watoto wanakooga, na ndiko kina mama wanakosimama kwenye maji ya magoti na kiuno kwa saa nyingi wakitunza mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani kibiashara mwaka 1989. Maji machafu ya juu ya kijiji na maji ya pwani yake hayako mbalimbali kama tunavyodhani.

Nepi za mtoto mmoja

Kuna kisa cha London ambacho kila mzazi anafaa kukijua. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho na kuua zaidi ya watu 600 kwa muda mfupi. Daktari John Snow alitembea nyumba kwa nyumba akauliza wagonjwa walikuwa wakiteka maji wapi. Majibu yakamfikisha kwenye pampu moja ya Broad Street, na mpini wa pampu ile ukaondolewa.

Sehemu inayotuhusu zaidi ilijulikana baadaye, kwa bidii ya kasisi wa mtaa, Henry Whitehead. Katika nyumba iliyokuwa jirani kabisa na pampu kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha na kufariki. Mama yake alifua nepi zake, na maji ya kufulia akayamwaga kwenye karo la nyumba. Karo lile lilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima cha pampu, na matofali yake yalikuwa yamechakaa. Mama yule hakufanya uzembe wowote. Alifanya kila mama anachofanya, akamwaga maji mahali panapomwagwa maji machafu. Kosa lilikuwa la karo linalovuja ambalo hakuna aliyelikagua.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa kuwa anakula maziwa tu. Kina madhara, na kwa mtoto anayeharisha kina madhara makubwa. Pili, karo baya halimdhuru mwenye nyumba peke yake. Anayeugua anaweza kuwa mtu wa nyumba ya nne ambaye hajawahi hata kuingia uani kwenu.

Zanzibar haihitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Daktari James Christie, aliyefanya kazi mjini Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, aliyaandika maradhi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Katika zama zetu yamerudi tena na tena, hasa mvua zinapofurisha mashimo. Mwaka 2009 chanjo ya kumeza ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na watafiti wakaona kuwa inakinga. Chanjo ni jambo jema. Lakini chanjo ya kipindupindu haizuii homa ya matumbo, wala minyoo, wala homa ya ini inayoenezwa kwa maji na chakula, na hayo yote yanatoka kwenye shimo lile lile.

Somo la jirani zetu wa Makunduchi

Ushahidi ulio karibu zaidi na Paje hauko London, uko Makunduchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti pamoja na watumishi wa afya wa Zanzibar walifanya jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Maradhi ya matende na mabusha yalikuwa yameenea. Watu wa Makunduchi walipewa dawa kwa pamoja. Kisha mashimo yote ya vyoo yenye maji, ambamo mbu walikuwa wakizaliana, yakamwagiwa chembe ndogo nyeupe za lile povu gumu linalofungiwa televisheni kwenye maboksi. Chembe zilielea zikafunika maji. Mbu akakosa pa kutaga, na viluwiluwi wake wakakosa hewa.

Kabla ya kazi hiyo, watu 49 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende katika damu. Miaka mitano baadaye walibaki 3 katika kila 100. Katika mji mwengine wa Unguja, Moga, watu walipewa dawa tu na mashimo hayakuguswa. Huko vijidudu vilianza kupanda tena baada ya miaka michache. Dawa ilikuwa moja, tofauti ilikuwa shimo la choo.

Kazi kama hiyo ilifanywa pia mjini Zanzibar, ambako vyoo na makaro 3,844 yalitiwa chembe zile, na mbu majumbani wakapungua kwa kiasi cha asilimia 65. Watafiti walijaribu pia, katika sehemu nyengine ya mji, kuongeza dawa kwenye mitaro ya wazi na madimbwi. Nyongeza hiyo haikuleta tofauti ya maana. Tulizoea kulaumu mtaro wa barabarani, kumbe mbu wengi wanaotuuma usiku walikuwa wanatoka kwenye mashimo yetu wenyewe, nyuma ya jiko.

Tufahamiane hapa. Mbu wa makaro si yule anayeambukiza malaria, ambaye hapendi maji machafu namna hiyo. Wala si yule wa dengue, ambaye hupenda maji safi ya ndoo, pipa na tairi. Huyu ni mbu wa matende, na ndiye anayewanyima watoto usingizi. Hatukushauri mwage chembe za povu kwenye makaro yenu. Karo likinyonywa au likifurika zitaishia baharini. Tunachosema ni kwamba mfuniko usio na ufa, na wavu kwenye bomba la hewa, ni kazi ya nusu siku ya fundi, na faida yake imeshaonekana hapa hapa wilayani kwetu.

Kwa nini linaziba

Karo na mabomba hayazibi kwa bahati mbaya. Yanazibwa, na mara nyingi na sisi wenyewe.

Jikoni, adui wa kwanza ni mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Yanapita kwenye sinki yakiwa maji, yakifika kwenye bomba la chini lenye ubaridi yanaganda. Juu yake vinanasa vyengine: machicha ya nazi, punje za wali, magamba ya samaki, majani ya chai. Baada ya miezi michache bomba la inchi mbili limebaki na tundu la kidole. Dawa yake haina gharama. Futa sufuria na sahani kwa karatasi au gazeti kabla ya kuziosha. Tia chujio kwenye tundu la sinki. Machicha yapeleke kwa kuku au kwenye mti. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yasimwagwe kwenye sinki kabisa. Yatie kwenye chupa, uifunge.

Bafuni, Paje ina adui wake maalumu, mchanga. Kila anayetoka pwani anaingia nao miguuni. Nywele zinaweza kung'olewa kwa waya, lakini mchanga unalala chini ya bomba na kujenga kigingi. Weka bomba la kuoshea miguu nje, ambapo maji yanazama kwenye mchanga bila kupita kwenye mabomba ya nyumba.

Chooni, kanuni ni rahisi: kinachoruhusiwa kuingia ni kinachotoka mwilini, maji, na karatasi laini ya chooni. Taulo za kike, pampasi na vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto haviozi kama karatasi, hata kama pakiti imeandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni. Wekeni ndoo yenye mfuniko katika kila choo. Kwa nyumba yenye mabinti, ndoo hiyo ni heshima kabla ya kuwa usafi. Msichana asiyekuwa na pa kuweka taulo yake ataitupa chooni, na tusimlaumu yeye.

Kuna harufu pia isiyotokana na kuziba. Chini ya sinki bomba lina mpindo unaobaki na maji, na maji hayo ndiyo kizuizi cha hewa chafu na mende. Chumba kikikaa bila mgeni msimu wote wa masika, maji yale yanakauka na harufu inapanda. Kumwaga kikombe cha maji kila wiki kunatosha.

Kuzibua bila kujiumiza

Likiziba, kwanza lisome tatizo. Ikiwa sinki moja tu ndiyo inayochelewa, kizuizi kiko karibu na sinki hiyo. Ikiwa choo kinatoa mapovu kila mnapokoga, na kila tundu la nyumba linachelewa, kizuizi kiko kwenye chemba, au karo limejaa. Hapo hakuna dawa ya dukani itakayosaidia.

Kwa kizuizi kidogo, tumia maji ya moto na sabuni, mpira wa kuzibulia, au fungua mpindo wa chini ya sinki juu ya ndoo na uusafishe. Kizuizi cha mbali kinataka waya mrefu wa fundi au maji ya nguvu.

Kitu tunachokiogopa zaidi ni kemikali. Kostiki, ile inayotumika kutengenezea sabuni, na asidi ya betri hutiwa mabombani kila siku. Watu huzihamishia kwenye chupa za soda au za maji na kuziweka chini ya sinki. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Akimeza funda moja la kostiki, koo na mrija wa chakula huungua, na kovu lake linaweza kumfanya ashindwe kumeza chakula kwa miaka. Tafadhali, kemikali isitoke kwenye chupa yake, na isikae pale ambapo mkono wa mtoto unafika.

Likitokea, usimtapishe mtoto. Kinachorudi kinaunguza mara ya pili. Usimpe ndimu wala siki kwa kufikiri utavunja makali. Msuuze mdomo, mtoe nguo zilizolowa, na mkimbize hospitali pamoja na ile chupa. Ikiwa imemrukia machoni au kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, ndipo mwondoke.

Jambo la pili: usichanganye dawa. Jik na dawa ya choo yenye asidi zikikutana hutoa hewa ya klorini, inayochoma mapafu. Wengi hufanya hivyo wakidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Kwa mtoto mwenye pumu, na bafu lisilo na dirisha, ni hatari ya kweli.

Mtu asishuke ndani

Sasa tuzungumze na wanaoajiri vijana kusafisha makaro kwa ndoo. Uchafu unaooza ndani ya shimo hutoa hewa iitwayo hidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa. Kwa hiyo kijana anayesema "harufu imekwisha, nashuka" huenda ndiyo kwanza amefika kwenye hatari. Anaanguka kwa pumzi chache. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Katika ajali za aina hii duniani kote, mwokoaji huwa mmoja wa waliokufa.

Kuwasha mshumaa kupima hewa si kipimo. Humo mna hewa nyengine inayoripuka, na mshumaa haukwambii habari ya hewa yenye sumu. Kufungua mfuniko asubuhi na kushuka mchana hakutoshi pia, kwa sababu tope likikorogwa linatoa hewa upya. Msimamo wetu hauna mlango wa nyuma: karo linyonywe kwa gari na mpira kutoka juu, na mtu asishuke. Ikitokea ameanguka ndani, usimfuate. Ita msaada, na kama alikuwa amefungwa kamba mvute kutoka juu.

Na mfuniko urudishwe siku ile ile. Ubao au bati juu ya shimo si mfuniko, na mtoto anayekimbiza mpira hajui tofauti.

Fundi wa kweli na tarehe yake

Tukirudi kwenye tarehe tuliyoitaja mwanzo, karo la nyumba ya kawaida hushauriwa linyonywe kila baada ya miaka 3 hadi 5, au tope likifika theluthi ya kina chake. Nyumba yenye wapangaji wengi au wageni haiwezi kungoja hivyo. Andika tarehe ya mwisho kwa rangi juu ya mfuniko, au nyuma ya mlango wa jiko. Fanya kazi hiyo Februari, kabla ya masika, si Aprili karo likiwa linaelea uani.

Fundi mzuri utamjua kwa maswali yake. Atauliza chemba ziko wapi, karo lilinyonywa lini, nani anaishi nyumbani. Atavaa glavu na viatu vya mpira. Hatatanguliza asidi. Nawe muulize mwenye gari swali moja: uchafu wangu unakwenda kumwagwa wapi? Akikwambia "porini huko", umelipa pesa ili ugonjwa uhamishwe kutoka karo lako kwenda kwenye mwamba, na mwamba utaurudisha kisimani.

Tunajua gari la kunyonya si rahisi kulilipia. Kutoka mjini mpaka Paje ni karibu kilomita 50, na mwenye gari anazihesabu zote. Ndiyo maana tunashauri majirani waungane. Nyumba tano zikiliita gari siku moja, safari imegawanyika. Sheha anaweza kulisimamia hili kama anavyosimamia siku ya chanjo.

Kwa wenye mikahawa na nyumba za wageni, lugha yetu ni ya wazi zaidi. Jiko linalopika kwa wageni 60 kwa usiku si jiko la nyumbani. Lijengewe mtego wa mafuta, yaani chemba ndogo ambamo maji yanapoa na mafuta yanaelea juu kabla hayajafika karoni. Mtego huo usafishwe kabla mafuta na tope havijafika robo ya kina chake, ambayo kwa jiko lenye kazi nyingi ni suala la wiki, si miaka. Mgeni akiugua tumbo atapanda ndege arudi kwao. Mtoto wa mfanyakazi wako anabaki hapa, anakunywa maji ya hapa.

Halmashauri nayo ina deni. Inapotoa kibali cha kuongeza vyumba, iombe ushahidi wa karo linalotosha, lenye sehemu ya kwanza isiyovuja. Inapohuisha leseni, iombe risiti ya kunyonya. Na ihakikishe kwamba gari likinyonya lina mahali halali pa kumwaga, kwa bei ambayo haimsukumi dereva kwenda porini. Kumdai mwananchi usafi bila kumwonesha pa kupeleka uchafu si haki.

Mtoto akiharisha leo

Yote haya ni ya kesho. Kwa mzazi ambaye mtoto wake anaharisha usiku huu, mambo ni machache. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kama pakiti haipo, changanya lita moja ya maji hayo na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kituo cha afya kitakupa vidonge vya zinki, na vimalizwe kwa siku zote 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Usingoje asubuhi ukiona macho yamezama, mdomo umekauka, hakojoi, amelegea au hawezi kunywa, kuna damu kwenye choo, au choo kinatoka kama maji ya mchele. Mpeleke kituo cha karibu, au Hospitali ya Makunduchi, huku ukiendelea kumnywesha njiani. Nepi na nguo zake zifuliwe mbali na kisima, maji yake yamwagwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Muuguzi akikuuliza choo chenu kikoje, usione haya. Mjibu kweli. Ukirudi nyumbani, mtoto akishapata nafuu, toka uani uuangalie mfuniko wa karo. Kama hujui lilinyonywa lini, basi tarehe yake imeshapita.